Kuchachusha bia nyumbani Mbeya: joto la ndoo na siku zake

Usiku mmoja wa Oktoba, kama saa nane hivi, chupa ya kwanza ilipasuka stoo. Mama watoto akaamka akidhani kuna mtu anavunja dirisha. Nikachukua tochi na fimbo, nikafungua mlango, na ya pili ikalipuka nikiwa nimesimama palepale. Kipande cha kioo kilikuwa kimezama kwenye gunia la mahindi kama msumari. Kesho yake nilizifungua zilizobaki moja moja uani, nimevaa koti zito na miwani ya kuchomelea niliyoazima kwa fundi jirani, na povu liliruka hadi kwenye bati la banda la kuku.

Bia ile nilikuwa nimeijaza kwenye chupa mwezi wa saba, siku ya 14 barabara tangu nitie chachu, kama karatasi ya maelekezo ilivyosema. Siku nilizihesabu vizuri. Nilichosahau ni kwamba ndoo ilikaa siku zote hizo za Julai juu ya sakafu ya saruji hapa Uyole, chachu ikapigwa na baridi ikalala sukari ikiwa bado ipo, nami nikaona kimya nikadhani kazi imeisha. Joto la Oktoba lilipoingia stoo, ikaamka imefungiwa ndani ya chupa.

Tangu mwaka ule kalenda naitumia kupanga tu. Kuamua, naamua kwa vipimo viwili: kipimajoto kilichobandikwa kwenye ndoo, na haidromita, kile kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki: kadiri chachu inavyoila, namba inashuka. Hapa nitakueleza namna ya kuvitumia kuanzia unapotia chachu hadi unapopiga vizibo. Kuloweka kimea na kuchemsha nitavipitia kwa haraka, kwa sababu wengi hawaharibikiwi huko.

Neno moja kabla hatujaanza. Yale maji matamu ya kimea yaliyochemshwa na hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu), chachu ikiwa bado haijaingia, nitayaita togwa. Najua togwa yenyewe ni ile ya ulezi ambayo hata watoto wanapewa, na bibi zetu wangenicheka. Lakini jina linaeleweka: ni tamu, na haijawa pombe.

Baridi yetu, joto letu

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa iko chini kidogo ya hapo, Njombe iko juu zaidi, na ukipanda Makete mpaka Kitulo unavuka mita 2,500. Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo umande unaganda kwenye majani. Oktoba na Novemba, mvua zikiwa bado hazijashika, mchana unaweza kufika 27 au 28. Kinachosumbua zaidi ni kuyumba kwa siku moja: nyumba ya bati isiyo na silingi bodi inaweza kuwa nyuzi 14 alfajiri na 25 saa tisa alasiri.

Wapikaji wetu wa zamani waliyajua haya bila kipimajoto. Anayepika komoni, pombe yetu ya nafaka, wakati wa baridi hulifunika pipa kwa blanketi au hulisogeza karibu na mafiga; joto likija, analiacha kivulini. Mgema wa ulanzi, pombe ya mianzi, kule Iringa anajua kwamba mtogwa wa asubuhi, yaani ulanzi ungali mtamu, jua likiwaka sana, haungoji magharibi kuwa mkangafu, ule mkali. Ila komoni na ulanzi hunywewa vikiwa bado vinachacha, leo au kesho, kwa hiyo kosa la joto linamezwa humohumo. Bia ya chupa inakaa wiki na miezi. Kosa la siku ya pili utalinywa mwezi wa pili.

Na makosa yenyewe yana ladha zake. Chachu ikipata joto kupita kiasi inakimbia, inatoa harufu ya ndizi mbivu, na ikizidi zaidi harufu ya rangi ya kucha, pamoja na zile pombe nzito zinazochoma koo na kukuamsha na kichwa kinachogonga. Bia yangu ya kwanza kabisa ilikuwa hivyo. Rafiki zangu waliisifu kuwa "kali", nami nikaamini, mpaka asubuhi. Ikipata baridi kupita kiasi, inalegea, inazama chini, na kuacha sukari juu yake. Ukiiwahi kuitoa kabla haijamalizia, inabaki harufu ya tofaa bichi au ya siagi.

Chachu ya msimu

Hapa ndipo unapookoa nusu ya taabu. Badala ya kushindana na hali ya hewa, chagua chachu inayoipenda hali iliyopo. Chachu ya bia hupatikana kwa pakiti kavu za gramu 11 na kidogo. Mimi huagiza chache kwa pamoja na kuziweka kwenye friji, kwa sababu pakiti iliyosafiri kwenye buti la basi mchana kutwa tayari imechoka, haina haja ya kuendelea kuteseka.

Kwa miezi mingi ya mwaka, SafAle US-05 inatosha: ina ladha safi na inafanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Kuanzia Juni hadi Agosti mimi hutumia Nottingham, ambayo hushuka mpaka 14 bila kununa. Mwenye subira, au anayeishi Njombe au Makete, msimu huo anaweza kujaribu bia ya baridi, yaani lager, kwa SafLager W-34/70 kwenye nyuzi 12 hadi 15. Watu wa Dar es Salaam wanahitaji friji kwa kazi ambayo wewe unafanyiwa bure na usiku wa Julai. Chachu hiyo itatoa harufu ya yai bovu siku za mwanzo. Usishtuke, inaondoka.

Oktoba na Novemba, kama huna namna ya kupoza, tafuta chachu za kveik zenye asili ya Norwe, kama Voss. Hizo zinapenda nyuzi 30 na kuendelea na zinamaliza kwa siku chache. Kuitumia kveik Julai ni kuionea.

Hamira ya mkate je? Kwa pombe ya kunywa ndani ya siku mbili, sawa, watu wanaitumia. Kwa bia ya chupa siipendi: haitulii chini vizuri, ukimimina glasi inatibuka yote, na ladha ya mkate inabaki.

Kagua kipimajoto kabla hakijakudanganya

Weka barafu nyingi kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, subiri dakika tatu, tumbukiza. Kinapaswa kusoma 0. Kikisoma 2, andika kwa kalamu kwenye mpini wake: toa 2.

Ukitaka kukikagua kwa maji yanayochemka, kumbuka uko wapi. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, Njombe chini kidogo ya hapo. Nimemwona mtu akitupa kipimajoto kizima kabisa kwa sababu kiligoma kufika 100. Jambo hilohilo linakugusa kwenye sufuria: mchemko wetu ni wa baridi kidogo na hopsi hutoa uchungu polepole, kwa hiyo maelekezo yakisema chemsha dakika 60, mimi huchemsha 75 hadi 90.

Haidromita nayo ikague: kwenye maji safi ya nyuzi 20 isome 1.000. Wauza maziwa wa Uyole na Tukuyu wana laktomita, na kuna siku nilijaribu kuazima moja. Inafanya kazi kwa kanuni ileile, lakini nyingi zinaanzia 1.015, na bia iliyoiva iko chini ya hapo. Inazama moja kwa moja. Nunua haidromita yenyewe.

Siku ya kutia chachu

Mfano wangu ni wa lita 20: kilo 4 za kimea cha shayiri na nusu kilo ya kimea cha ulezi kutoka sokoni, vinavyonipa togwa ya 1.047. Ulezi unaleta rangi na ladha ya nyumbani. Ukiuzidisha, togwa inakuwa nzito kuchuja.

Baada ya kuchemsha, poza haraka. Sufuria ndani ya beseni kubwa, maji ya bomba yakibadilishwa mara tatu au nne, ukikoroga kwa kijiko kilichochemshwa. Juni maji ya bomba yenyewe yana baridi ya kutosha na ndani ya saa moja umemaliza. Oktoba utahitaji barafu mwishoni. Lengo ni togwa ifike nyuzi 17 au 18, yaani chini kidogo ya joto unalotaka ichachie. Wengi hutia chachu kwenye 26 wakisema "itapoa yenyewe usiku". Haipoi. Chachu ikianza kufanya kazi inatoa joto lake, na ndoo inapanda wakati wewe unangoja ishuke. Na ukiitia kwenye togwa ya zaidi ya 40, umepika mchuzi wa chachu.

Mimina kwenye ndoo safi ya lita 25 yenye mfuniko, ya chakula, isiwe iliyowahi kubeba rangi. Mimina kwa kishindo, kutoka juu, ili hewa iingie. Hii ndiyo mara pekee katika safari yote bia inapohitaji hewa. Chachu kavu ilowekwe kwenye nusu kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupozwa mpaka vuguvugu, nyuzi 25 hadi 30, kwa dakika 15, kisha ingiza. Toboa mfuniko, pitisha mpira wa dripu, ziba pembeni kwa nta au mpira laini, na ncha ya pili izamishe kwenye chupa ya maji.

Kabla ya kufunika, chota nusu lita ya togwa kwenye chupa ndogo safi, weka chachu kijiko kizima cha chai, funika kwa kitambaa tu, na uiweke jikoni mahali pa joto, nyuzi 25 au zaidi. Itikise kila ukipita. Hii ni jasusi wako. Kwa sababu ina chachu nyingi na joto, itamaliza sukari yake yote kwa siku tatu au nne. Ipime kwa haidromita, andika namba hiyo ukutani, kisha imwage, hainyweki. Ikisoma 1.010, basi ndoo kubwa nayo mwisho wake ni hapo. Ningeijua mbinu hii ile Julai, ningekuwa na 1.010 ya jasusi mkono mmoja na 1.022 ya ndoo mkono mwingine, na nisingepiga kizibo hata kimoja.

Saa 72 za kwanza

Ukiwa na nguvu za kuhangaika siku tatu tu, hangaika hizi. Ladha mbaya zinazotokana na joto karibu zote hutengenezwa wakati chachu inazaliana na kula kwa fujo, na hilo linatokea kuanzia saa 6 hadi 24 baada ya kuitia hadi siku ya tatu au ya nne.

Bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa togwa, kifunike kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne na kukazwa kwa utepe, ili kisome ndoo badala ya hewa ya chumba. Siku ya pili utashangaa. Ndoo yangu ya mwezi wa tatu ilisoma 23 wakati ukuta ulisoma 19. Tofauti ya nyuzi 3 hadi 5 ni ya kawaida kwa lita 20. Kwa hiyo mtu anayekwambia "chumba changu ni 22, ni sawa kabisa", bia yake iko 26.

Chumba nacho kichague kwa akili. Huku kwetu jua la Juni linapita upande wa kaskazini, ukuta wa kusini unabaki wa baridi kutwa. Ila Desemba jua linahamia kusini, na ukuta uliokuwa friji unakuwa jiko. Mimi nina pembe mbili za ndoo, moja ya kila msimu. Matofali ya kuchoma husaidia, kwani yanachelewa kupata joto na yanachelewa kulipoteza. Weka kitu cheusi juu ya ndoo, kwa sababu mwanga wa jua ukigusa bia yenye hopsi unaiachia harufu ya mnyama.

*Ukitaka kupoza.* Weka ndoo ndani ya beseni kubwa, jaza maji mpaka nusu ya ubavu. Vika ndoo fulana kuukuu au kanga, pindo lake lizame kwenye maji, na ukiwa na feni ielekeze hapo. Kanga inanyonya maji, maji yanakauka, ndoo inapoa. Agosti hadi Oktoba, hewa ikiwa kavu, nimepata nafuu ya nyuzi 3 hadi 4 kwa njia hii bila senti ya barafu. Januari, mvua zikinyesha na nguo zenyewe hazikauki kambani, usiitegemee.

Hapo ndipo unaongeza chupa za maji zilizogandishwa. Hesabu yake ni rahisi: chupa moja ya nusu lita ikiyeyuka yote hushusha karibu nyuzi 1 kwa ndoo ya lita 20 iliyokaa kwenye maji mengine lita 20. Ndoo ikiwa 23 na unataka 20, weka tatu, usiweke saba. Badilisha asubuhi na jioni. Anayetumbukiza barafu nyingi kwa hofu anaishusha ndoo hadi 14 usiku mmoja, na chachu inakaa chini kwa mshtuko.

*Ukitaka kupasha.* Kwanza inua ndoo kutoka sakafuni: kipande cha mbao, gunia lililokunjwa, godoro kuukuu la mtoto. Saruji ya Julai inanyonya joto kuliko hewa. Pili, viringisha blanketi. Chachu inatengeneza joto lake siku mbili za mwanzo, kazi yako ni kulizuia lisitoroke. Tatu, baada ya siku ya nne joto hilo linapopungua, ongeza la kwako: chupa mbili za lita moja na nusu zilizojazwa maji ya moto, ndani ya blanketi, kila jioni.

Waliofuga kuku wana njia bora zaidi. Boksi kubwa au kabati bovu, balbu ya zamani ya wati 40 inayotoa joto (za kisasa za kubana matumizi hazitoi la maana), na kile kidhibiti joto kidogo kinachofungwa kwenye mashine za kutotolea vifaranga. Kifaranga kinataka 37, wewe unaseti 19. Kihisio chake kiguse ubavu wa ndoo chini ya kitambaa, siyo kuning'inia hewani. Balbu izibwe kwa kopo ili mwanga usifike kwenye bia, na waya zifungwe na fundi anayejua, maana hapo kuna maji na umeme jirani. Umeme ukikatika usiku, usiamke. Lita 20 zenye blanketi hupoteza joto taratibu.

Jiko la mkaa chumbani, hapana. Hata kwa nusu saa, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini huku kwetu kwenye baridi. Hakuna bia ya thamani hiyo.

Kuanzia siku ya nne: legeza kamba

Povu likianza kushuka na mapovu kwenye chupa ya dripu kupungua, hatari ya ladha mbaya ya joto imepita. Sasa hatari ni ya upande wa pili, chachu kusinzia. Acha ndoo ipande yenyewe nyuzi 2 au 3: kama ulikuwa 18 au 19, iende 21. Kwa bia ya baridi iliyochachia 13, ipandishe hadi 17 au 18 kwa siku mbili tatu. Joto hili la mwisho ndilo linaloipa chachu nguvu ya kurudi kula zile takataka zake zenye harufu ya siagi. Anayeishusha joto mapema ili "ikae safi" ndiye anayekunywa bia yenye ladha ya bisi la sinema.

Mapovu kwenye mpira wa dripu usiyafanye saa ya ukutani. Mfuniko ukivuja kidogo hutayaona kabisa na bia inachacha vizuri. Na ndoo ikipata joto la mchana, gesi iliyoyeyuka inatoka na utadhani chachu imefufuka.

Siku ya saba, chota bia kiasi cha kujaza silinda ya haidromita. Imimine mara kadhaa kati ya vikombe viwili itoe gesi, maana mapovu yanaiinua haidromita na kukupa namba kubwa kuliko ukweli. Ikiwa na joto la nyuzi 30, ongeza 0.002 hadi 0.003 kwenye namba unayosoma. Soma, andika, onja. Ulichochota usikirudishe kwenye ndoo. Ukionja utajifunza zaidi ya namba: siku ya saba utakuta utofaa ule mbichi, siku ya kumi umeondoka.

Pima tena siku ya kumi, na tena ya kumi na tatu. Namba zikiwa sawa mara mbili, zikiachana siku tatu, *na* zikiwa sawa na za jasusi wako wa jikoni au zaidi yake kwa 0.001 tu, imekwisha. Masharti ni hayo yote, maana ile bia yangu ya Julai nayo ilisoma sawa mara mbili: 1.022 na 1.022. Ilikuwa imelala.

Ukiikuta imelala, usikoroge kwa mwiko na kuingiza hewa. Ishike ndoo kwa masikio yake, izungushe taratibu ili chachu ya chini inyanyuke, ipandishe hadi 21 au 22, na uiache siku tatu. Mara nyingi inaamka. Ikigoma, amsha pakiti mpya kwenye kikombe cha togwa mpaka itoe povu, ndipo uimimine. Chachu kavu ikitupwa moja kwa moja kwenye pombe hufa nyingi.

Kilevi chake unakipata hivi: namba ya mwanzo toa ya mwisho, zidisha kwa 131. Togwa ya 1.047 iliyofika 1.011 ni 0.036, yaani asilimia 4.7 hivi.

Usiku wa baridi ni mtaji

Bia iliyokwisha kuchacha ikipata baridi siku mbili, chachu na mashapo hushuka na inang'aa. Juni hadi Agosti natoa ndoo jioni hadi veranda, nairudisha asubuhi kivulini. Njombe huna hata haja ya kuitoa.

Hapa nina aibu yangu nyingine. Ndoo ikipoa, hewa iliyo juu ya bia inasinyaa na kuvuta. Chupa yangu ya dripu ilikuwa na maji yenye Jik, niliyoweka kuua vijidudu. Asubuhi nikaikuta tupu. Yote yalikuwa yamepanda kwenye mpira na kuingia kwenye lita 20 za bia nzuri. Nilimwagia maua, na maua yenyewe hayakufurahi. Kabla ya kupoza, toa mpira kwenye chupa, ziba tundu kwa pamba iliyochovywa kwenye pombe kali safi. Kama lazima maji yawepo, yawe ya kuchemshwa tu.

Chupa na joto la mwisho

Gesi ya chupa nayo ni kuchacha, kwa hiyo joto bado linatawala. Sukari ya mezani gramu 6 hadi 7 kwa kila lita, iliyochemshwa kwenye maji kidogo, ikachanganywa polepole na bia uliyoihamisha bila kuisukasuka. Kwa lita 19 zinazobaki baada ya mashapo, hiyo ni gramu 115 hadi 130. Pima kwa mizani. Kijiko kwa kila chupa ndiyo njia ya watu wenye koti zito na miwani ya kuchomelea.

Tumia chupa za kahawia za bia zilizo imara, zisizo na ufa mdomoni, na moja iwe ya plastiki ya soda. Hiyo ya plastiki ni kipimo: siku ya kwanza ukiibonyeza inabonyea, baada ya siku kumi inapaswa kuwa ngumu kama ilivyotoka dukani. Ikiwa ngumu siku ya tatu tu, kuna sukari iliyobaki. Weka zote kwenye baridi haraka na uanze kuzifungua. Ikiwa laini baada ya wiki mbili, ni baridi: zisogeze kwenye chumba kinachopakana na jiko, zifunike blanketi, zipate 20 hadi 24 kwa wiki nyingine. Julai yangu ya kawaida huchukua wiki tatu na nusu, Novemba siku kumi zinatosha.

Na hii ni bia ya kunywa na wageni. Ukitaka kuuza unahitaji leseni, na kukeneka, yaani kutonesha pombe kali kama gongo, ni kosa lenye kesi yake, usianze.

Chupa zikishakuwa ngumu, zitoe kwenye joto. Mimi nazipanga ndani ya kreti lililofunikwa gunia, kwenye pembe ya kaskazini maana mwisho wa mwaka jua linakaa kusini, tarehe ya kujaza imeandikwa juu ya kizibo kwa kalamu ya wino mzito. Zilizojazwa Julai zinakaa mbele, nazinywa kwanza, na ifikapo katikati ya Septemba nafungua moja kusikia inavyopumua.